Meli Suruali Ilivyonipeleka Kumtoa Somoe

Tangu nirudi sijapumzika. Nikienda kisimani naulizwa, nikitoka msikitini naulizwa, hata fundi baiskeli ananishikia gurudumu langu makusudi ili nikae nimsimulie. Sasa nimeandika. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko mtauvumilia. Atakayeniuliza tena nitampa karatasi hizi, asiyejua kusoma asomewe na mjukuu wake.

Ninyi wa hapa Mitole mnajua kwamba niliapa kutokanyaga chombo cha baharini tena. Kwa wasiojua nitasema, na majina nitayataja, maana wenyewe hawakuona haya kutenda. Mashua ya mashine iliyozama nasi ilikuwa ya Abdurahmani Likoko. Nahodha alikuwa Shaweji Tumbo. Aliyepakia alikuwa wakala, Mfaume Chipande. Tulikuwa tumeshakaa magoti kwa magoti, maji yako shibiri moja chini ya ukingo, Mfaume akaleta mifuko ya saruji. Watu wakapiga kelele. Akasema, "Bahari leo shwari, mnalia nini?" Shaweji akanyamaza, Likoko alikuwa nyumbani kwake anakula. Mimi nilitoka majini nimekumbatia dumu la mafuta ya taa. Dada yangu Mwanahawa hakutoka. Aliacha mtoto wa kike anatambaa, Somoe.

Huyo Somoe ndiye aliyekuwa anaolewa Lindi, Ijumaa baada ya swala. Wali wa kumwozesha alikuwa naye, baba yake mdogo. Lakini katika ukoo wetu binti havuki kizingiti cha chumba siku ya ndoa mpaka mjomba wake, kaka wa mama, amshike mkono amtoe. Mjomba wake ni mimi peke yangu. Aliniambia kwenye simu, "Mjomba, usipofika watanifungisha ndoa na sitatoka. Nitakaa humu humu mpaka uje." Nawajua wanawake wa kwetu. Angekaa kweli.

Mitole hadi Nangurukuru

Nilitoka Jumanne na bodaboda, begi mgongoni, kiroba cha nazi na kiroba cha mchele mbele ya dereva. Mvua mnaijua ilivyokuwa. Mahali pengi tulishuka tukaisukuma pikipiki, na pengine pikipiki ilitusukuma sisi. Dereva alikuwa anaimba. Nilimuuliza anafurahia nini, akasema tope likizidi na nauli huzidi. Kijana mkweli kuliko wengi niliowahi kupanda vyombo vyao.

Tulipofika Nangurukuru nikaona mabasi yamepangana mpaka mwisho wa macho, na kila basi limeanikwa kanga madirishani. Nikajua kuna jambo. Basi lililotoka kusini hakuna, linalokwenda kusini haliendi. Daraja la njia ya Lindi lilikuwa limechukuliwa na maji, na barabara nayo imeliwa pande zote mbili.

Nilikaa chini kwenye kiroba changu cha mchele. Nilifikiri juu ya Mwanahawa, nikafikiri juu ya kizingiti.

Nangurukuru, siku ya kukaa

Mahali pale paligeuka kijiji. Abiria wa basi moja walikuwa wamechagua mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, akigawa zamu za kuchota maji. Mama lishe walikuwa wanapika mchana kutwa: wali, maharage, chapati, mchuzi wa pweza. Nilikula pweza mgumu kama mkanda, nikamwambia mpishi. Akanijibu, "Baba, huyo pweza naye anasubiri daraja." Watu wakacheka, nami nikacheka, ingawa sikuwa na hamu.

Hapo ndipo nilipofahamiana na Bi Fatu, mfanyabiashara wa kanga anayekwenda Lindi. Ni mama mnene, wa makamo yangu, sauti yake ukiwa bandarini Masoko unaisikia. Yeye ndiye aliyeleta habari: Masoko imeingia meli ya jeshi, ya wageni, imekuja kwa mazoezi na wanajeshi wetu. Wameombwa wavushe watu na magari yaliyokwama mpaka Lindi. Bure.

"Meli gani?" nikauliza.

"Hiyo haifanani na meli, kaka yangu. Ina miguu miwili. Watoto wa Masoko wanaiita Meli Suruali."

Nilisema siendi. Nilisema nitangoja daraja. Bi Fatu akaniuliza naenda Lindi kufanya nini, nikamweleza. Akanyanyua kiroba changu cha nazi na kukitupa kwenye bajaji aliyoikodi. Nikaufuata mzigo wangu.

Masoko, kwenye mizani

Suruali kweli. Ukiitazama kwa mbele unaona miguu miwili myembamba imesimama ndani ya maji, na katikati ya miguu hewa tupu unaona mpaka upande wa pili. Juu yake limekaa jumba la kijivu lisilo na roshani, na nyuma uwanja wa kutua helikopta. Mkiani ilikuwa imeteremsha ulimi wa chuma mpana, na mabasi yale yale ya Nangurukuru yakawa yanaingia kinyumenyume kama mbuzi wanaogoma zizi.

Aliyekuwa anatuelekeza alikuwa askari wetu wa majini, binti wa Musoma, tulimwita Afande Neema. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikamuuliza bila kuzunguka kitu hiki kinazamaje. Hakucheka. Alinisimulia tukiwa tumesimama pale pale, watu wengine nao wakasogea.

Alisema meli za namna hii hazikuanza kuwa za vita. Zilianza kuwa feri za watu wa raha huko kusini mwa dunia, kuvusha familia na magari yao kwenda visiwani kutembea. Zinakimbia sana lakini zinakunywa mafuta, na kibiashara hazilipi kila mahali. Basi wanamaji wa nchi kadhaa wakazikodi kujaribu. Wakaona ajabu. Jeshi zima na magari yake, ambayo ndege zingeruka na kurudi siku nyingi kuyahamisha, Suruali inayabeba kwa safari moja na usingizi wa usiku mmoja. Baada ya hapo wakaanza kujijengea za kwao. Hii ya Masoko yenyewe ilikuwa feri. Chini ya rangi ya kijivu kwenye ngazi nilikuja kuona imebaki picha ya samaki anayecheka. Imeshabeba askari, imeshakuwa hospitali, imeshapeleka chakula kwa watu walioangukiwa na tetemeko.

"Na panga zake ziko wapi, za kusukuma maji?" aliuliza mvuvi mmoja.

"Haina panga. Inavuta maji kwa chini, inayatema nyuma kwa nguvu."

"Ngisi," akasema yule mvuvi, akatikisa kichwa kama aliyemaliza maneno.

Kwa hiyo haihitaji kina kirefu, Afande akaendelea, inaingia ambapo meli kubwa haziingii, na Lindi ni mahali kama hapo, mchanga umejaa. Imejengwa kwa alumini. Bi Fatu akasema, "Sufuria." Ndiyo, mama, sufuria. Wepesi ndio nguvu yake. Ukiijaza mno inakaa chini, inakuwa jahazi la chuma tu, na Lindi haitaingia. Nahodha alikuwa amesema wazi: uzito ukibaki ndani ya kipimo, na maji yakiwa yamejaa, tunashuka Lindi Ijumaa asubuhi. La sivyo, moja kwa moja Mtwara. Na kutoka Mtwara kurudi Lindi kwa njia za matope yale, Somoe angekuwa ameshaota mizizi chumbani.

Kwa hiyo kila kitu kinapimwa. Magari yanapita juu ya mabapa ya chuma, watu wanapanda mizani na mizigo yao.

Sasa hapo ndipo ubishi ulipoanza. Sisi watu wa kusini tunaijua mizani. Msimu wa ufuta, msimu wa korosho, mizani tumeiona ikila gunia letu mchana kweupe. Hakuna mtu aliyepata kutuweka kwenye mizani kwa faida yetu. Afande Neema alieleza mpaka koo likamkauka, watu wakaitikia "ndiyo afande", na kila mmoja moyoni anasema hapa kuna ushuru unakuja. Wengine wakaamini wazito wataachwa. Mzee mmoja alipanda amevuta tumbo ndani, amebana pumzi mpaka macho yakamtoka. Bi Fatu alivaa nusu ya kanga zake, tano chini, nne juu, akasema mzigo wake ni mdogo. Alipopanda, mizani ikasoma vyote, kanga na mwenye kanga. Mpimaji, mzungu mmoja mrefu, aliandika tu akamshukuru. Bi Fatu akashuka amechukia. "Nimetokwa jasho bure," akaniambia.

Baada ya mizani unabandikwa karatasi ya rangi mkononi, unaingia kungoja kwenye uwanja wenye ukuta wa ghala la zamani. Nilikaa kivulini. Na hapo nikamwona.

Mfaume Chipande. Amenenepa, ndevu amezitia hina. Lori lake la Fuso lilikuwa limeshapita mizani, turubai limelegea, karibu tupu. Yeye alikuwa amesimama karibu na ukuta, na juu ya ukuta, kutoka nje, vilikuwa vinaingia viroba. Sukari na unga. Lindi barabara imekatika, bei imepanda, mnaelewa. Vijana wa nje wanarusha, abiria wa ndani wanadaka na kupitisha kwa mkono, kiroba kwa kiroba, mpaka kwenye Fuso. Watu walikuwa wanasaidia kwa furaha kabisa. Waliona wanaishinda mizani, mara moja katika maisha.

Nilisimama. Nikamwendea.

"Mfaume."

Alinitambua. Akajaribu kutabasamu. "Issa. Bado tu hilo jambo? Mambo ya Mungu yale, bwana. Watu walishanisamehe."

"Waliokusamehe hawakuwamo."

Akanivuta pembeni, akaongea polepole. Akaniambia nifikiri kidogo. Hii meli inabeba mabasi, sukari yake ni unyoya tu. Nikisema, watapima upya kila kitu, mchana utaisha, na maji ya Lindi hayamngoji mtu. "Mimi nikikosa Lindi nitauza Mtwara," akasema. "Wewe una nini Lindi?"

Hapo alinishika. Alikuwa anasema kweli. Nikinyamaza huenda tungefika, na nikisema huenda nisifike, na Somoe akae ndani, na mimi ndiye niliyemfungia. Nilitazama vile viroba vinavyopita mkono kwa mkono. Mama mmoja aliyedaka kimoja alikuwa anacheka. Siku ile ya saruji pia kulikuwa na waliocheka.

Nilikwenda kwa Afande Neema, nikamwambia. Wala sikunong'ona, nilisema wote wasikie, na jina nikalitaja.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Baba, sukari hiyo peke yake isingetuzamisha," akasema. "Lakini kama hili mmetuficha, sijui kwenye mabasi mmetuficha nini." Akapuliza filimbi.

Walitutoa sote nje, tukaanza upya. Sitaandika matusi niliyotukanwa, karatasi hii itasomwa na watoto. Niliitwa msaliti, niliitwa mkunga wa wazungu, neno ambalo mpaka leo sijalielewa. Kwenye mabasi ziligunduliwa mbao, mapipa ya mafuta ya kula, na jenereta iliyovalishwa baibui. Viroba vya Mfaume vilishushwa vyote vikaachwa gatini. Bi Fatu peke yake ndiye aliyekuja kukaa karibu nami. Alinipa muhogo wa kuchoma na chumvi ya pilipili, akasema, "Kula. Wakikupiga uwe umeshiba."

Tulilala pale pale Masoko. Badala ya kung'oa nanga Alhamisi usiku, tuling'oa Ijumaa kumeshakucha. Nilimuuliza Afande kama maji ya Lindi tutayakuta. Akasema ndiyo maana imejengwa ya kukimbia.

Tumboni mwa suruali

Ndani ni viti kama vya basi, safu kwa safu, na baridi ya kiyoyozi. Mfaume alipangiwa kiti kilichopakana na changu. Sikuomba kuhamishwa. Nilitaka anione.

Mwanzo hata sikujua kama tumeondoka. Halafu sakafu ikaanza kuunguruma chini ya nyayo, meli ikajiinua, na nikitazama dirishani naona pwani inakwenda nyuma kama mtu anakunja mkeka. Nyuma yetu palibaki njia nyeupe ya povu, pana kama barabara, na bora kuliko barabara yetu. Mwalimu mstaafu wa Nangurukuru alisema mashua ingekwenda kutwa nzima na zaidi mahali tulipopita wakati wa kunywa chai.

Mabaharia wageni waligawa chakula, pakiti za kijani. Unatia maji kidogo kwenye mfuko, mfuko unachemka wenyewe bila moto. Watu waliziweka chini wakaziangalia. Bi Fatu alimwita yule mzungu mrefu, akamuuliza kwa Kiswahili kama ni halali, yule akadhani anaambiwa ni kitamu, akaitikia kwa kichwa kwa furaha kubwa. Bi Fatu akafungua, akaonja, akasema maharage ni maharage lakini aliyeyapika hana mama. Akampa mzungu muhogo wake uliobaki, na pilipili. Alikula wote. Machozi yalimtoka, na akaomba tena.

Basi katika raha hiyo, ngurumo ikapungua. Meli ikashuka, ikaanza kupanda na kuteremka. Kitu kikapiga chini yetu, pu, kama ngoma kubwa iliyolowa.

Nyote mnajua mashine ya mashua yetu ilinyamaza kwanza. Ilinyamaza, halafu ndiyo maji yakaja. Mikono yangu ilikamata kiti cha mbele, na nilisikia harufu ya mafuta ya taa, naapa nilisikia, mahali ambapo hakuna mafuta ya taa. Afande Neema alikuwa anapita akitangaza kwa sauti ya kawaida kwamba tumepita ncha ya nchi, bahari hapa iko wazi, mawimbi ni makubwa, na meli hii ikiyakimbilia inapiga tumbo, kwa hiyo nahodha amepunguza mwendo. Ndiyo udhaifu wake. Tukiingia kwenye kivuli cha nchi itakimbia tena.

Nilisikia maneno. Hayakuingia.

Ndipo Mfaume akanigusa mkono. Uso wake ulikuwa wa majivu, hina ya ndevu imebaki peke yake. Alisema kwa sauti ndogo sana:

"Issa. Vile viroba. Vilishuka vyote?"

Nilimtazama. Miaka yote nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mtu huyu, na nilikuwa nimeyapanga vizuri, ya kumchoma. Yalikuwepo kinywani. Lakini aliniuliza swali ambalo mimi nililiuliza siku ile, na nikachekwa.

"Vilishuka vyote," nikamwambia. "Nilisimama nikaviangalia kimoja kimoja."

"Kweli?"

"Kweli."

Akafumba macho. Na mimi niliposema yale maneno niliyasikia mwenyewe, kama vile nimeambiwa na mtu mwingine. Vilishuka vyote. Mikono yangu ikaachia kiti. Meli iliendelea kupiga tumbo lake, pu, pu, na watu kutapika, na Bi Fatu kusoma dua kwa sauti ya sokoni, mimi nimekaa. Halafu ngurumo ikarudi chini ya nyayo, na pwani ikaanza tena kukunjwa.

Lindi

Maji yalikuwa yameanza kutoka. Tuliokaa dirishani tuliona mchanga umejichomoza pembeni, rangi ya ngano. Meli iliingia taratibu, inatema maji kushoto, inatema kulia, ikageuka mahali pale pale iliposimama kama mwanamke anayejitazama kwenye kioo. Afande Neema alikuwa anasikiliza redio yake. Halafu akanitafuta kwa macho, akanionyesha vidole vyake, nafasi ndogo, ndogo sana, katikati ya kidole na kidole. Hiyo ndiyo ilikuwa baki ya maji chini yetu. Ulimi wa chuma ukateremka gatini. Waliokuwa wamenitukana baadhi walipita wakaniita mzee Issa, wengine walipita tu.

Mfaume alishuka na Fuso lake tupu. Aliteremka akaja, akaninyooshea mkono. Sikuushika. Siku hiyo mkono wangu ulikuwa na mwenyewe. Lakini nilimwambia, "Nenda salama," na sikumbuki mara ya mwisho kumtakia hivyo.

Nilipofika kwa shemeji yangu, yule wali, watu walikuwa wameshatoka msikitini. Ndoa imeshafungwa, pilau limeshapakuliwa, na wanawake wamejaa ukumbini wanaimba wimbo ule ule tena na tena kwa sababu bibi harusi hatoki. Waliponiona wakaukata wimbo, vigelegele vikapanda paa. Nazi zangu zikapokelewa, mchele ukapokelewa, mimi nikasukumwa mpaka mlangoni.

Somoe alikuwa amekaa kitandani, hina mpaka viwikoni. Ni Mwanahawa mtupu.

"Mjomba, wanasema umekuja na bahari."

"Nimekuja nayo."

"Wewe?"

"Mimi."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa. Lakini walinipima kwanza."

Nje walikuwa wameanza tena wimbo.

"Mama hawakumpima," akasema.

"Hawakumpima, mwanangu."

Nikampa mkono, akaushika, akasimama. Kizingiti cha chumba kile ni kirefu, cha mti wa zamani, na gauni lake lilikuwa refu kuliko kizingiti.

"Inua mguu," nikamwambia.